Mifuko Miwili

Jehanamu ya Lugazi hufunguliwa saa tatu asubuhi.
Mtu mzima elfu mbili, mwanafunzi mia tano,
mtoto wa mgongoni halipi,
ingawa ndiye anayelia kuliko wote.

Niliijenga mimi. Si peke yangu:
Lwanyaga alifinyanga, mimi nilikoroga
mchanga wa Lwera, maji ya mapipa,
waya wa banda la kuku ukawa mbavu za wenye dhambi.
Mtawa alikuja na picha kutoka Thailandi alikosomea,
akazitandaza juu ya toroli:
mti wa miiba wapandao wazinzi,
sufuria la walevi,
ndimi zilizovutwa kama za ng'ombe buchani.
"Fanyeni hivi," akasema, "ila nyuso ziwe za hapa."

Basi zikawa za hapa.
Mpima kahawa aliyezoea kuegemeza kidole gumba kwenye mizani
anameza mawe yake ya chuma, moja baada ya jingine.
Muuza waragi ya spiriti yumo sufuriani hadi kiunoni.
Mapepo wachochea moto tuliwapaka buluu,
rangi iliyobaki kwenye madirisha ya shule.

Jumamosi watu huja kwa mabasi.
Maharusi hupiga picha chini ya mti wa miiba;
kwa nini pale, sijawahi kuuliza.
Nabbosa huuza maandazi karibu na sufuria,
maana hapo ndipo watu husimama sana, wakahisi njaa.
Walokole huja kukemea: hulipa kiingilio,
hukemea, kisha huuliza choo kiko wapi.
Upepo ukitoka kiwandani
jehanamu nzima hunukia molasi.

Mwisho wa njia, penye ukuta, mwizi amepiga magoti.
Hana viganja. Mikono yake inakoma kwenye vifundo,
waya zinachungulia.
Hapo walimu huteremsha sauti.
"Mnaona? Mnaona aibaye?"
Watoto huficha mikono mifukoni.
Wiki jana mmoja alitoa kalamu ya mwenzake
akairudisha huku anatetemeka.

Nami nasimama kando na bunda la tiketi.
Viganja vile havikukatwa na sheria yoyote ya ahera.
Saruji iliisha.
Mifuko miwili iliteremka kilima usiku kwa baiskeli,
imefunikwa majani ya migomba,
na sasa ni sakafu ya chumba changu,
laini, baridi, isiyo na funza,
ambapo mwanangu Kizza alijifunza kutambaa.
Nimemwibia nani? Nimeiibia jehanamu.
Sijui kama kosa hilo nalo lina shimo lake.

Nilimuuliza mtawa, kwa kuzunguka,
mwizi huyu atakaa hapa mpaka lini.
Mama yangu, Mkatoliki wa kufunga kila Ijumaa,
alinifundisha *milele*, neno lisilo na mlango.
Mtawa alikuwa anafagia.
"Mpaka deni liishe. Hapa hakuna wa milele.
Hata yule mpima kahawa,
siku moja atatema chuma, ataomba maji, ataondoka."
Akaendelea kufagia.
Kisha, bila kuinua kichwa:
"Saruji siku hizi imepanda bei, sivyo?"

Nilinunua kilo kumi. Mfuko mzima sikuuweza.
Usiku, kwa tochi ya simu, nikamtengenezea mkono mmoja,
wa kulia. Mimi si fundi: vidole vimevimba,
kiganja kimetazama juu
kwa sababu kila nilipokiinamisha kilidondoka.

Mwalimu mkuu mmoja wa Buikwe alilalamika:
mwizi mwenye mkono anafundisha nini?
Lakini watoto huweka kitu humo.
Karanga mbili, sarafu ya mia,
kipande cha andazi la Nabbosa.
Jioni tumbili wa Mabira hushuka kukichukua,
sarafu huiacha.

Saa kumi na mbili nafunga lango,
nahesabu tiketi, nazihesabu tena.
Nyumbani navua viatu mlangoni, nakanyaga taratibu.
Mkono wa kushoto bado nadaiwa.